Jina Langu ni Furu

Wengi wenu hapa shuleni mnanijua kwa jina la Furu, na labda wako wasiojua kuwa ninalo jina jingine. Leo nataka kueleza jinsi nilivyolipata jina hili, kwa nini lilinitia uchungu miaka miwili, na kwa nini sasa mtu akiniita hivyo huitika bila kununa. Habari yenyewe ni ya samaki, ya kengele ya shule, na ya mithali moja niliyoambiwa nyumbani, ambayo ilikuwa karibu kunitoa shuleni.

Nilipofika hapa kidato cha kwanza nilikuwa mfupi kuliko wote katika bweni letu, na tranka langu la bati lilinishinda kubeba. Usiku wa kwanza kiranja wa bweni alituuliza kila mmoja atokako. Nilipojibu, "Rubafu, ziwani," kijana mmoja wa kidato cha tatu alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Kumbe huko furu hawajaisha!" Bweni zima likacheka. Toka usiku ule jina langu la ubatizo likafa.

Kwa wale wa bara wasiomjua, furu ni samaki mdogo wa Ziwa Victoria. Wengi wao hawazidi urefu wa kiganja cha mtu mzima, nao wana miiba mingi. Kwetu Rubafu, kaskazini ya mji wa Bukoba, mwenye fedha hununua sato au kipande cha sangara, na aliyepungukiwa hununua fungu la furu. Kwa hiyo kuitwa furu ni kuambiwa mambo matatu kwa mara moja: wewe ni mdogo, wewe ni wa bei rahisi, nawe umejaa miiba. Nilivumilia, lakini moyoni niliona haya.

Jambo lililoniumiza zaidi lilitokea nyumbani. Mwezi wa Januari, matokeo ya mtihani wa kidato cha pili yalipotoka, nilikuwa nimepita, walakini nimepita kama uzi katika tundu la sindano. Jioni ile baba mdogo alikuja, akaketi barazani na baba na Babu. Baba mdogo ana mitumbwi miwili ya dagaa. Alisema, "Kaka, kijana huyu anapoteza wakati. Katika ukoo wetu nani amewahi kushinda shule? Sisi ni watu wa nyavu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mpe mimi, usiku huu huu apande mtumbwini."

Nilikuwa nyuma ya mlango, na neno lile liliniingia kama mwiba. Baba hakujibu haraka. Alisema tu, "Tutaona." Mtu akisema hivyo kwetu, jambo bado halijakataliwa. Usiku ule sikulala. Niliwaza hivi: kama ni damu, basi mimi nafanyaje? Damu haifutwi kwa daftari.

Alfajiri Babu aliniamsha. Alikuwa amesikia yote, lakini hakulitaja hata neno moja. Aliniambia nichukue kasia. Tukatoka na mtumbwi mdogo hadi penye mawe, akatega ndoana. Kabla jua halijawa kali tulikuwa na furu sita chini ya mtumbwi. Babu akachagua wawili, akawaweka juu ya ubao. Mmoja alikuwa na mistari ya kulala, toka kichwani hadi mkiani. Mwingine alikuwa na mistari ya kusimama, toka mgongoni hadi tumboni.

"Hawa ni samaki wa namna ngapi?" Babu akaniuliza.

"Mbili, Babu. Kila mtu anaona."

"Ni mbili, lakini ni watu wa ukoo mmoja. Tazama hapa." Akanionyesha madoa ya manjano kwenye pezi la nyuma, chini ya mkia. Yule wa mistari ya kulala alikuwa nayo, na yule wa mistari ya kusimama pia. "Mama zao wote hubeba mayai kinywani. Ukoo mmoja. Lakini zamani, mjukuu wangu, ungechoka kuhesabu namna zao. Alikuwako mwenye meno ya kukwangua mawe. Alikuwako mwenye koo la kuvunja konokono. Alikuwako mwenye kinywa kirefu anayekula furu wenzake. Yuko hata aliyenyonya vitoto kutoka kinywani mwa mama wa mwingine. Kisha akaja sangara."

Nilicheka kidogo, naungama. Nilimwambia kwamba mkwangua mawe na mvunja konokono hawawezi kuwa ukoo mmoja, maana hawafanani. Niliona kwamba mzee hajasoma. Babu hakukasirika. Alisema, "Nawe na baba yako mdogo mnafanana?" Akapiga kasia turudi. Siku ya nne baba alinipa nauli ya kurudi shuleni, wala hakueleza sababu.

Sasa nije kwenye habari ya kengele, ambayo wengine wenu bado hamjanisamehe.

Katika kidato cha tatu nilichaguliwa kuwa mpiga kengele. Kengele yetu ni rimu la gari lililotundikwa mtini, na nondo ya kugongea. Siku moja saa niliyoazimwa ilikuwa mbele kwa saa nzima, nami sikujua. Nikagonga kengele ya chakula cha mchana saa saba badala ya saa nane. Mnakumbuka yaliyofuata. Madarasa yakafumuka, walimu wakafunga vitabu, wapishi wakashtuka. Maharage yalikuwa bado magumu kama changarawe, na ugali ulikuwa uji mzito. Vipindi vya mchana vikaanza mapema, michezo ikachezwa jua likichoma, na wakati wa prepo ya usiku shule nzima ilikuwa na njaa. Niliadhibiwa kufyeka majani kuzunguka mti ule kwa juma zima, na ilikuwa haki.

Mwaka huu, katika kidato cha nne, tulipofika sura ya urithi, mwalimu wetu wa baiolojia aliandika ubaoni hesabu ya Mendel, tatu kwa moja, kisha akaweka chaki chini. Akasema atatupa mfano wa ziwani kwetu kuliko ule wa njegere wa kila siku.

Alitueleza kwamba yuko furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Wataalamu Wadachi waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza walimwandika kitabuni mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu aliong'atuka urais. Jina lake la kisayansi leo ni Pundamilia nyererei. Darasa likaangua kicheko, maana Pundamilia ni Kiswahili chetu, na kweli samaki huyo ana mistari ya kusimama kama punda milia. Dume lake lina mgongo mwekundu. Kisha yuko furu mwingine wa ziwa hili hili, Haplochromis sauvagei, mwenye mistari ya kulala. Niliposikia hayo nilikaa wima. Niliwaona wale furu wawili wa Babu juu ya ubao.

Huko Konstanz, Ujerumani, wataalamu waliwapandisha samaki hawa wawili. Watoto wa kwanza wote hawakuwa na mistari ya kulala. Watoto hao walipozaa wao kwa wao, wajukuu waligawanyika karibu tatu kwa moja: watatu bila mistari ya kulala, mmoja nayo. Ni hesabu ile ile ya Mendel iliyokuwa ubaoni. Maana yake ni kwamba mistari ile inatawaliwa hasa na mahali pamoja katika urithi wote wa samaki. Wakatafuta mahali hapo hadi wakafika kwenye jeni moja iitwayo agrp2. Habari hii ilitangazwa mwaka 2018.

"Sasa," mwalimu akauliza, "mnadhani furu mwenye mistari ya kulala ana jeni ya mistari, na mwenzake hana?"

Sote tukajibu, "Ndiyo, Mwalimu."

"La. Jeni ile wanayo wote wawili. Tena kazi yake ni kuizuia mistari. Kwa samaki wa Nyerere jeni hiyo hufanya kazi kwa nguvu, na mistari ya kulala haitokei. Kwa mwenzake hufanya kazi kidogo tu, na mistari hujichora. Tofauti iko katika kipande cha jirani na jeni, kile kinachoiamuru ifanye kazi kiasi gani."

Tulinyamaza, hatukuelewa. Mwalimu akatazama nyuma ya darasa, akasema, "Mpiga kengele, simama." Nikasimama. "Siku ile ulipogonga saa saba, mpishi alibadilika?"

"Hapana, Mwalimu."

"Unga ulibadilika? Maharage? Sufuria?"

"Hapana."

"Kilichobadilika ni nini?"

"Saa ya kengele, Mwalimu."

"Na shule ilikuwa ile ile siku hiyo?"

Darasa zima likajibu kwa niaba yangu, "Haikuwaaa!" Hata mimi nilicheka. Lakini toka siku ile nilielewa, na nitajaribu kueleza kwa wazazi watakaosoma gazeti hili jinsi nilivyoelewa.

Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Karibu kila seli ina nakala nzima ya maandishi ya urithi. Seli ya jicho ina maandishi yale yale yaliyomo katika seli ya ini au ya kidole. Basi kwa nini jicho lisiwe ini? Ni kwa sababu si jeni zote zinazofanya kazi mahali pote na saa zote. Mtoto anapojengwa tumboni, au kifaranga ndani ya yai, kuna swichi zinazowasha jeni hii hapa na kuizima pale, mapema au baadaye, kwa nguvu au kidogo. Jeni ni kama wapishi na mafundi, na swichi ni kama kengele. Wapishi ni wale wale. Kengele ndiyo inayopanga siku.

Kutokana na hayo ndipo tunaweza kuelewa jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi kwa kizazi. Ukiharibu jeni yenyewe, mara nyingi unaharibu mambo mengi, maana jeni moja hutumika sehemu nyingi za mwili. Ni kama kumfukuza mpishi: hutakosa chakula cha mchana tu, utakosa na uji wa asubuhi. Lakini ukibadilisha kengele moja tu, sehemu moja ya mwili inaweza kubadilika na nyingine zikabaki salama. Kiumbe anaishi, anazaa, na badiliko linarithiwa. Ikiwa linamsaidia kupata chakula au mchumba, litaenea.

Wale wataalamu wa Konstanz walifanya jaribio la mwisho. Waliivunja jeni ya agrp2 katika mayai ya samaki wa Nyerere. Samaki waliokua kutoka katika mayai hayo walitoka na mistari ya kulala! Uwezo wa kuchora mistari ulikuwamo siku zote, ila ulikuwa umezuiwa. Tena walipotazama furu wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, waliona jeni ile ile ikihusika na mistari yao. Katika maziwa mbalimbali mistari imekuja na kupotea mara nyingi kwa kuchezewa kengele moja.

Nikakumbuka kicheko changu mtumbwini, nikaona aibu. Babu hakuwa mbali na ukweli. Wachunguzi wa udongo wa chini ya ziwa wameonyesha kwamba Ziwa Victoria lilikauka, kisha likajaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa kazi ya namna hii ni kama jana, zilitokea aina zipatazo 500 za furu. Mwaka 2017 wataalamu waliosoma urithi wao walieleza kuwa furu hao wametokana na kuchanganyika kwa koo mbili za kale, moja ya upande wa mto Kongo na moja ya upande wa Nile ya juu. Kwa hiyo Babu alikosea kidogo tu: ukoo ni mmoja, lakini uliundwa kwa ndoa ya koo mbili. Mchanganyiko ule ulileta ziwani jeni na swichi za namna nyingi, na kila mahali pa ziwa, penye mawe, penye matope, kwenye kina na kwenye maji machache, pakachagua zake.

Sasa turudi kwa yule mvunja konokono ambaye Babu alimtaja. Furu ana taya za namna mbili: za kinywani za kukamatia chakula, na nyingine kooni za kusagia. Yuko mmoja, Astatoreochromis alluaudi, ambaye taya zake za kooni huvunja magamba ya konokono. P. H. Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyewahi kufanya kazi Jinja, Uganda, aliandika mwaka 1965 jambo la ajabu juu yake. Samaki huyu akikua akila konokono, taya za kooni hunenepa na meno yake huwa mapana. Akilelewa kwa chakula laini, taya hubaki nyembamba. Miaka ya karibuni, wataalamu Wajerumani waliwalea wadogo wa furu huyu makundi mawili, moja kwa chakula kigumu na moja kwa chakula laini, wakapima jeni za taya. Wakakuta kwamba jeni nyingi hazifanyi kazi kwa kiasi kimoja katika makundi hayo. Ugumu wa chakula wenyewe ulikuwa umegonga kengele.

Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sidhani kama aliyeitunga mithali hiyo alimfikiria samaki aliye hai, lakini imemfaa furu kuliko kiumbe ye yote. Yale anayoyala akiwa mdogo humkunja taya.

Na mithali ya baba mdogo je? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilimpelekea mwalimu mithali hiyo baada ya kipindi, nikamweleza ilikotoka. Alicheka kidogo, kisha akaniuliza, "Baba wa nyoka alikuwa nani?" Sikuwa na jibu. Akaniambia kwamba mababu wa nyoka walikuwa na miguu. Chatu hata leo ana kucha mbili ndogo karibu na mkia, mabaki ya miguu ya nyuma. Jeni inayosaidia kuchipusha miguu nyoka anayo bado, maana inahitajika sehemu nyingine za mwili. Kilichoharibika ni swichi yake ya miguuni. Mwaka 2016 wataalamu wa California, Marekani, walichukua swichi ya nyoka wakaiweka katika panya mahali pa swichi yake. Panya wakazaliwa na miguu iliyodumaa. Walipoirudishia swichi ya chatu kipande kidogo kilichopotea, panya wakazaliwa na miguu kamili.

Basi ni kweli kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini zamani sana alikuwako mtoto wa mwenye miguu ambaye safari ya kuwa nyoka ilianza kwake.

Tusidhani habari hizi ni za samaki na nyoka tu. Yuko rafiki yangu bwenini ambaye akinywa maziwa mabichi tumbo humsokota usiku kucha, na jirani yake wa kitandani, aliyetoka katika jamii ya wafugaji, hunywa kopo zima akalala. Karibu watu wote wakiwa wachanga huwa na jeni ya kusaga sukari ya maziwa inayofanya kazi. Kwa watu wengi duniani jeni hiyo hulala baada ya kuacha ziwa la mama. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba kwa wengi wa wale wanaoweza kunywa maziwa ukubwani, herufi moja ya maandishi ya urithi imebadilika. Herufi hiyo haimo ndani ya jeni ya maziwa. Imo katika swichi yake, iliyojificha ndani ya jeni jirani. Badiliko hilo limeenea Afrika Mashariki katika miaka elfu chache tu, toka watu walipoanza kufuga. Rafiki yangu hana ugonjwa, ila kengele yake hunyamaza mapema.

Hapa ninapaswa kuungama kosa jingine. Nilipoandika insha hii mara ya kwanza, nilimalizia kwa maneno makubwa. Nilisema kwamba kwa kuwa jeni zina swichi, kila mtu anaweza kuwa atakavyo. Mwalimu alikata maneno hayo kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Je, furu alichagua mistari yake?" Niliona haya, lakini alisema kweli. Furu hachagui. Swichi zake amezirithi kama alivyorithi jeni, na ziwa ndilo lililochuja. Hata taya la mvunja konokono lina mpaka wake: chakula kigumu hulinenepesha, lakini hakiligeuzi kuwa taya la sangara. Mimi nami nitabaki mfupi, na sioni swichi ya kunisaidia.

Nilichojifunza ni kidogo kuliko hicho, lakini kinanitosha. Mtu akisema, "Ni damu," hudhani amemaliza maneno. Kumbe damu yenyewe ni maandishi marefu yanayosomwa kwa saa na kwa mahali, na mengine husomwa kwa kutegemea chakula na malezi. Tena hakuna aliyeonyesha kwamba ukoo wetu una jeni ya kushindwa hesabu. Katika ukoo wetu hakuna aliyeshinda shule kwa sababu karibu wote walitolewa shuleni wakiwa watoto wakapelekwa mtumbwini. Hiyo siyo damu. Hiyo ni kengele iliyogongwa mapema, na maharage yakaliwa mabichi.

Mwezi wa sita nilikwenda likizo, nikamkuta baba mdogo anashona nyavu. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa nimsimulie habari ya nyoka na miguu yake. Alisikiliza sindano ya nyavu ikiwa mkononi. Nilipomaliza alicheka sana, akasema, "Haya, msomi. Kama nyoka alipoteza miguu kwa swichi, wewe angalia usipoteze kichwa kwa maneno. Rudi ukasome." Sikutegemea zaidi ya hapo. Asubuhi yake alimtuma mtoto aniletee kikapu cha dagaa wakavu wa kurudi nao shuleni, nanyi wenzangu wa bweni mlisaidia kuwamaliza.

Kwa Babu nilikwenda kuomba radhi kwa kicheko changu cha mtumbwini. Nilimweleza juu ya maziwa matatu, mistari ya kulala na ya kusimama, na zile koo mbili za kale. Alitikisa kichwa polepole, kisha akaniuliza swali lililonishinda: "Na wale waliokwisha, swichi zao ziko wapi?"

Alikuwa akisema juu ya miaka ya 1980, sangara alipojaa ziwani. Sangara aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akawapatia wengi fedha, wakiwamo wa nyumbani kwetu. Lakini furu, ambao hapo kwanza walikuwa sehemu kubwa ya samaki wote wa ziwa, walipungua hata wakawa adimu, huku maji nayo yakichafuka na kupungua hewa. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Nyingine zilianza kurudi katika miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana. Nilimjibu Babu kwamba swichi haziwekwi ghalani. Zimo ndani ya samaki, na samaki akiisha zimekwisha naye.

Hakusema kitu. Asubuhi ya kuondoka kwangu tulivua tena penye mawe yale yale. Ndoana ikaleta furu jike, kidevu kimemvimba, maana amebeba mayai kinywani. Babu alimtoa ndoana taratibu kwa vidole vyake vigumu, akamzamisha majini, akamshika kidogo mpaka alipotulia, akamwachia.

Wasomaji wapenzi, mwezi wa Novemba tutaingia chumba cha mtihani wa taifa. Katika orodha itakayobandikwa mlangoni hamtaliona jina la Furu, kwa kuwa nimeandikwa kwa jina alilonipa baba. Walakini mkinikuta njiani kabla ya siku hiyo, niiteni Furu, nitaitika. Na mpiga kengele mpya namwomba jambo moja tu: kabla hajagonga, aitazame saa mara mbili.